Kuta za Kurithi: Shule na Vyuo Vyetu Vikitazamwa Kutoka Dodoma

(Hotuba iliyotolewa Dodoma mbele ya walimu wastaafu, walimu walio kazini na wanachuo wa ualimu. Imeandikwa kamili kwa ajili ya wale waliokosa nafasi ya kufika.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mlioketi safu ya mbele, walimu wenzangu, na ninyi wanangu wanachuo: mbukwenyi!

Naona safu za nyuma zimeitikia kwa sauti kubwa kuliko safu za mbele. Ugogo bado una wenyewe.

Nimeombwa nizungumzie historia ya shule na vyuo vya taifa letu kwa dakika 40, na nilipoupokea ujumbe huo nilicheka peke yangu, kwa kuwa historia hiyo ina zaidi ya miaka 100 na mzungumzaji mwenyewe ana mazoea ya kupitiliza kengele. Kwa hiyo nimechagua njia moja tu ya kuipitia. Sitawasomea orodha ya sera, wala sitawatajia mawaziri wa elimu kwa mpangilio wa miaka yao. Nitawaomba mzitazame kuta. Nitawauliza swali moja na nitalirudia mara kwa mara hadi mlichoke: ukuta huu, kabla haujawa shule, ulikuwa nini? Na aliyeingia ndani yake kufundisha alitoka wapi?

Mezani pale karibu na mlango nimeweka kitu kilichofungwa kwa kanga. Msikifungue kwanza. Nitakifikia.

Tuanze na maneno, maana hata maneno yetu ya elimu ni ya kurithi. Neno "shule" tumelipata kwa Wajerumani. Ndugu zetu wa Zanzibar, ambao hawakutawaliwa na Mjerumani, wanasema "skuli", na hilo wamelipata kwa Mwingereza. Neno "chuo" ni la zamani kuliko yote mawili: katika Kiswahili cha pwani chuo kilikuwa kitabu, kisha kikawa mahali mtoto anapokaa chini mbele ya mwalimu kusoma Kurani, na ndiyo maana mpaka leo mtu mwenye elimu ya dini anaitwa mwanachuoni. "Darasa", "daftari" na "kalamu" vilikuja na dau kutoka ng'ambo ya bahari. Mimi huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba mtoto wa Kitanzania akisema "nimeacha daftari langu darasani shuleni", amekwisha kutaja Mwarabu na Mjerumani kabla ya kifungua kinywa. Lakini hapa Ugogo, kabla ya daftari na kabla ya darasa, kulikuwa na malezi ya jando na ya ngoma, na kulikuwa na elimu ya malisho, ambapo kijana aliyeshindwa kumtambua ng'ombe wa baba yake kwa rangi na pembe alihesabika kuwa hajasoma. Elimu hiyo haikuwa na kuta. Walimu ilikuwa nao.

Kuta zilipokuja, zilikuja na sababu zake. Serikali ya Wajerumani ilianzisha shule yake ya kwanza Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na haikuficha ilichokuwa inakitaka: ilitaka makarani, wakalimani na maakida wanaoweza kusoma barua ya bwana mkubwa na kuijibu. Kwa kuwa walichagua kutawala kwa Kiswahili, walifundisha Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na uamuzi huo uliofanywa kwa faida ya ofisi zao ulitusaidia baadaye kuliko walivyokusudia.

Huku kwetu mambo yalianzia Mpwapwa. Kwa nini Mpwapwa, na siyo hapa tuliposimama? Kwa sababu ya maji, ndugu zangu. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ulipita Mpwapwa, ukanywa, ukanywesha wanyama na kujaza vibuyu kabla ya kuikabili nyika kavu ya Ugogo. Palipokuwa na maji palikuwa na watu, na palipokuwa na watu wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Kianglikana kutoka Uingereza, walipiga kambi, katika miaka ya 1870. Mwaka 1905 Wajerumani nao wakaweka Mpwapwa kituo cha utafiti wa magonjwa ya mifugo. Kisha, wakati wa Waingereza, kikaja chuo cha ualimu. Anayestaajabu kwamba mji mdogo kama ule umebeba vyuo vikongwe kiasi hicho na ayatafute yale maji, badala ya kutafuta jalada la Wizara.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilizitawanya shule hizo changa. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, mifugo na wapagazi, na mwishoni mwa vita ikaja njaa ambayo wazee wetu waliiita Mtunya. Bibi yangu alihesabu umri wa watu kwa kuitumia: huyu alizaliwa kabla ya Mtunya, huyu baada yake. Sijawahi kumsikia akihesabu kwa kufunguliwa kwa shule.

Waingereza walipoichukua nchi walikuta watu wengi kiasi wanaoweza kusoma Kiswahili, na walikuja na kitu kingine ambacho wanachuo wa leo huona ni hadithi ninapowasimulia: mifumo mitatu ya elimu katika nchi moja, kwa watoto wa Kizungu, kwa watoto wa Kihindi na kwa watoto wa Kiafrika, kila kundi na shule zake na fungu lake la fedha. Kwa Waafrika kazi kubwa iliachiwa misheni, huku serikali ikiwa na shule chache za kuandaa viongozi wa kienyeji, kama ile ya Tabora ambayo ililengwa hasa kwa watoto wa machifu. Kijana mmoja mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki alifika huko mwaka 1937. Jina lake mnalijua.

Sasa niwapeleke Kongwa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijui mahali pengine katika nchi hii panapojibu swali langu vizuri kuliko Kongwa.

Vita vya Pili vilipokwisha, Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia. Wakubwa wa London wakatazama ramani ya Tanganyika, wakaona eneo kubwa lisilo na watu wengi, wakaamua kulima karanga. Hawakujiuliza kwa nini lilikuwa halina watu wengi. Mwaka 1947 matrekta yalifika Kongwa. Mibuyu ilivunja mashine. Udongo ulipokauka ukawa kama sakafu ya saruji, na karanga, kama kila mkulima aliyeko hapa ajuavyo, lazima ing'olewe ardhini. Mvua ilifanya kama inavyofanya siku zote katika nchi hii ya kati: ilikuja ilipopenda. Mwaka 1951 mradi ulifungwa ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Zikabaki nyumba, barabara na mabomba.

Katika majengo ya mradi huo ikaendeshwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Hebu fikirini. Katikati ya Ugogo, ambako mtoto wa Mgogo aliyefika darasa la nne alikuwa ameshukuriwa na ukoo mzima, palikuwa na shule ya watoto waliokuja kutoka pembe zote za Tanganyika, na ukuta wa shule hiyo ulijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuota. Mwaka 1958 shule hiyo ilifungwa, na mwaka uliofuata watoto wake wakapata shule mpya Iringa, iliyoitwa St Michael's and St George's. Shule hiyo mpya ilijengwa imara, kana kwamba wenyewe walitarajia kukaa miaka 100. Walikaa michache. Majengo yale yakawa Shule ya Sekondari Mkwawa, kwa jina la mtu ambaye Wajerumani walimwinda hadi kifo, na tangu mwaka 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Huko ndiko baadhi yenu ninyi vijana mlikosomea ualimu.

Na Kongwa yenyewe? Kuanzia mwaka 1964 ikawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Samora Machel alikuwa hapo. Wanaume waliokuwa wakijifunza bunduki asubuhi walikuwa na madarasa ya kusoma na kuandika pia, kwa kuwa wengi wao watawala walikuwa wamewanyima shule. Karanga, watoto wa mabwana, wapigania uhuru: eneo moja, ndani ya miaka isiyofika 20. Ningekuwa na uwezo, kila mwanachuo wa ualimu angepelekwa Kongwa siku moja kabla hajakabidhiwa chaki.

Tuje kwenye uhuru. Naomba mnisikilize kwa makini katika tarakimu hizi, kwa kuwa Mwalimu Nyerere mwenyewe alizitoa katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1961 watoto waliokuwa katika shule za msingi Tanganyika nzima walikuwa 490,000, na wengi wao hawakuvuka darasa la nne. Waliokuwa sekondari walikuwa 11,832. Waliokuwa kidato cha sita, nchi nzima, walikuwa 176. Mia moja sabini na sita! Nikiwahesabu ninyi mlioko humu ukumbini, pamoja na wale wanaosikiliza wakiwa wamesimama dirishani, nadhani mnawazidi.

Pamoja na hayo, tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera kupandishwa, chuo kikuu kilifunguliwa. Kilifunguliwa wapi? Katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Ukuta huo kabla haujawa chuo kikuu ulikuwa wa chama. Walianza wanafunzi wachache wa sheria, waliosoma kwa mitaala ya Chuo Kikuu cha London, na ilianzwa na sheria kwa kuwa Makerere hapakuwa na kitivo hicho. Mwaka 1964 wakahamia kilimani, mahali ambapo Watanzania wote tunapaita Mlimani. Ninaposikia watu wakikidharau chuo kipya kwa kuwa kimeanza katika jengo la kuazima, huwa nawauliza: Mlimani kilianza wapi?

Lakini hapo pana tofauti ambayo sipendi ipite bila kusemwa. Chuo kile kiliingia katika jengo la kuazima kikiwa na walimu wake. Walikuwa wachache, wengi wakiwa wageni, lakini walikuwapo siku ya kwanza. Shikeni jambo hilo.

Mwaka 1962 ubaguzi wa rangi katika shule uliondolewa kisheria. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha mwezi Februari, na mwezi mmoja baadaye Elimu ya Kujitegemea, iliyosema kwamba elimu ya msingi iwe elimu kamili kwa mtoto ambaye hataendelea, isiwe chumba cha kusubiria mtihani. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za misheni zilizokuwa zikipokea ruzuku zikawa za umma. Huku Dodoma watu walihamishiwa vijijini katika Operesheni Dodoma, na Mwalimu mwenyewe akaja Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Baba yangu alikuwa miongoni mwa waliohamishwa. Alilalamikia nyumba aliyoiacha mpaka anakufa. Hakuwahi kulalamikia shule aliyoikuta.

Kisha mwaka 1974, kikao cha TANU Musoma. Lengo lililokuwa limewekwa la kila mtoto kupata elimu ya msingi ifikapo mwaka 1989 lilivutwa nyuma hadi mwaka 1977. Miaka 12 ikafutwa kwa kikao kimoja. Ada ya shule za msingi ilikuwa imekwisha kuondolewa. Sasa niulizeni: walimu wa kuwafundisha watoto hao wote wangetoka wapi?

Walitoka kwangu, ndugu zangu. Walitoka kwa mtu kama mimi.

Nilimaliza darasa la saba mwaka 1976. Mapema mwaka 1977, nikiwa na miaka 16, mtendaji alikuja nyumbani na karatasi iliyosema kwamba nimechaguliwa kuwa mwalimu mwanafunzi. Mama alidhani ni wito wa mahakama. Tulikuwa wawili, mimi na binti mmoja wa kijiji cha jirani, na shule tuliyopewa ilikuwa mbuyu mmoja, ubao uliopakwa masizi ya betri kuukuu, na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye tawi la mkwaju ili kiwe kengele. Sehemu ya siku tulifundisha, sehemu nyingine tulijifunza kufundisha: tulisoma vijitabu vilivyoletwa kwa njia ya posta, tulisikiliza vipindi vya redio, na mkufunzi alikuja kwa baiskeli mara moja kwa wiki, ikiwa baiskeli ilikuwa na tairi. Mwishoni tulipelekwa chuoni kwa wiki chache, tukafanya mtihani, tukawa walimu. Tulizidi 30,000 nchi nzima tuliopita njia hiyo.

Mnajua tulivyoitwa. Mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote uliitwa kwa herufi tatu za Kiingereza, UPE, na wenye maneno mjini wakazipatia maana yao: Ualimu Pasipo Elimu. Wazee wa safu ya mbele wanacheka. Chekeni, ni haki yenu, kwa kuwa baadhi yenu mlisema hivyo mbele yangu katika ofisi ya walimu. Mimi nilikasirika kwa miaka mingi, na hasira ile ilinipeleka kusoma jioni hadi nikapata kidato cha nne, kisha stashahada. Leo naweza kusema mambo mawili kwa pamoja bila kuona aibu: utani ule ulikuwa wa kikatili, na ulikuwa na ukweli ndani yake. Nilifundisha kugawanya desimali kabla sijaielewa vizuri. Mtoto mmoja, mfupi, mchungaji wa mbuzi, alinisahihisha mbele ya darasa. Nilimwambia akae chini. Alikuwa sahihi.

Na bado, bila sisi watoto wale wasingefundishwa na mtu mwingine yeyote. Huo nao ni ukweli. Waliotuita wasio na elimu hawakuwa tayari kuja kukaa chini ya mbuyu ule.

Jioni, mbuyu huohuo ulikuwa darasa la watu wazima. Wenye umri wangu mnakumbuka ngumbaru, kisomo cha manufaa, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliyoendeshwa kwa redio na vikundi, watu wakachimba vyoo nchi nzima. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, bibi wa makamo, aliyekataa katakata kujifunza herufi. Alisema herufi hana kazi nazo, barua hapokei. Alichotaka ni namba, namba tu, na ukimuuliza kwa nini alikujibu: "Mwanangu, mimi nauza karanga, na mwenye mizani anasoma peke yake." Alijifunza hadi mia. Msimu ule alisimama mbele ya mizani akasoma kwa sauti, na mwenye mizani akasogeza jiwe. Mwaka 1967 theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Mwaka 1986 hesabu iliyotolewa ilikuwa chini ya asilimia 10. Yupo anayebishania hesabu hizo, na mimi mwenyewe nimewaona waliofaulu mtihani wakasahau herufi baada ya miaka miwili kwa kukosa cha kusoma. Ila yule bibi hakusahau mizani.

Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, michango na ada vilirudi, na watoto wakapungua darasani. Nitapita hapo haraka, kwa kuwa kila mmoja wetu aliyekuwa akipokea mshahara wa mwalimu miaka ile hapendi kukumbushwa. Nitaje jambo moja tu la wakati huo. Tume ya Jackson Makweta ya mwaka 1982 ilishauri Kiswahili kitumike kufundishia sekondari na kuendelea. Serikali haikukubali. Kwa hiyo mtoto wa hapa husoma sayansi kwa lugha moja hadi anapomaliza shule ya msingi, kisha anavuka barabara na kuanza kuisoma upya kwa lugha nyingine, mara nyingi kwa mwalimu ambaye naye anaitafsiri kimoyomoyo kabla ya kuitamka. Lugha hiyo nayo ni ukuta wa kurithi, na wote tunajua ulijengwa kwa ajili ya nani.

Nirudi Dodoma mjini. Mnapopita Kikuyu mnaona Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Ukuta ule kabla haujawa chuo kikuu ulikuwa nini? Ulikuwa Shule ya Sekondari Mazengo, iliyopewa jina la mtemi wa Mvumi. Na kabla haijawa Mazengo? Ilikuwa Alliance, shule ya misheni ambamo walipita vijana wengi wa kanda hii waliokuja kushika nchi. Misheni ikajenga, taifa likachukua, na mwaka 2007 Kanisa Anglikana likaanzisha hapo chuo kikuu. Ni mzunguko mzuri kuusimulia. Lakini ndani yake kuna kitu kimepotea, na nitakisema ingawa miongoni mwa wenyeji wetu leo wamo wahitimu wa pande zote mbili. Chuo kikuu tulikipata. Mazengo tuliipoteza, kama vile Iringa walivyopata chuo kikuu kishiriki na kupoteza sekondari ya Mkwawa. Sekondari kongwe siyo mabweni tu. Ni maabara iliyokusanywa chupa kwa chupa, ni maktaba, ni mwalimu wa fizikia aliyekaa miaka 20. Vitu hivyo havihamishwi kwa lori. Wakati uleule tulipokuwa tukizigeuza sekondari kongwe kuwa vyuo vikuu, tulikuwa tukijenga sekondari mpya katika kila kata, bila maabara, na bila yule mwalimu wa fizikia.

Mwaka 2004 shule za sekondari nchini hazikufika 1,300. Mwaka 2010 zilizidi 4,000. Sina dharau kwa shule za kata. Mabinti wa kijiji changu wasingesoma sekondari bila shule ya kata, na wananchi walibeba mawe na mchanga kwa vichwa vyao kuzijenga. Lakini walimu? Walitafutwa vijana waliomaliza kidato cha sita, wakapigwa msasa kwa majuma machache, wakapelekwa. Mitaani wakabandikwa jina la kadi ya kuongeza salio la simu, na kila aliyekuwapo analikumbuka. Mimi nilipolisikia jina hilo nilitabasamu kwa uchungu. Miaka 30 ilikuwa imepita na tulikuwa tumerudi palepale, chini ya mbuyu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mwezi Februari mwaka uliofuata, takriban watahiniwa 6 katika kila 10 walikuwa na daraja sifuri. Nchi ilipigwa na butwaa, ikaunda tume, alama zikapangwa upya. Sisi wa UPE hatukupigwa na butwaa.

Linganisheni na Shule ya Wasioona Buigiri, hapo njiani tu, iliyoanzishwa na Kanisa mwaka 1950. Katika shule ya namna ile huwezi kujidanganya kwa jengo. Bila mwalimu anayejua nukta nundu hakuna shule, hata kama umepaka rangi na kuzindua kwa utepe. Natamani shule zote zingekuwa ngumu kudanganyia kama ile.

Na Chimwaga? Siwezi kuondoka bila Chimwaga. Ukumbi ule ulikuwa wa chama. Hapo mwaka 1995 CCM ilimteua Benjamin Mkapa kugombea urais. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza maisha yake katika ukumbi huohuo, na Mkuu wa Chuo wa kwanza akawa Mkapa yuleyule. Kama Lumumba mwaka 1961, ndivyo Chimwaga miaka 46 baadaye: chama kimetoka, wanafunzi wameingia. Kilipangwa kufikia wanafunzi 40,000. Wale tuliokuwa tukipita pale wakati kilima kizima ni miiba na mbuzi, tunapoziona taa zake usiku, tunabaki kutikisa vichwa.

Mwezi Januari 2025 ilizinduliwa hapa hapa Dodoma sera ya elimu iliyofanyiwa marekebisho. Elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita badala ya saba, elimu ya lazima itakuwa ya miaka kumi, na mafunzo ya amali yatapewa njia yake sekondari. Nimeisoma. Ina mambo mengi mazuri. Niliposoma habari ya karakana nilifunga kitabu nikajiuliza lile swali langu la pili: anayeingia ndani ya karakana kufundisha useremala na umeme anatoka wapi? Nawauliza ninyi wanachuo kwa kuwa ninyi mtakuwapo, mimi sitakuwapo.

Sasa kile kitu cha kwenye kanga. Mwenyekiti, niruhusu nikifungue mwenyewe.

Hili ni daftari la mahudhurio la darasa la kwanza, mwaka 1977. Kona hii imeliwa na mchwa. Wino ulikuwa wa bluu. Wamo watoto zaidi ya 90, na majina niliyaandika kama masikio yangu ya miaka 16 yalivyoyasikia, kwa hiyo mengine yamekosewa. Kuna Mazengo watatu, niliwapa namba. Mkato ni aliyehudhuria, duara ni asiyekuwapo, na pale mnapoona herufi "m" maana yake ni malishoni. Tazameni mwezi wa Machi: ukurasa mzima ni "m". Yule mtoto wa desimali alikuja kukaa mbele yangu miaka kadhaa baadaye, lakini jina lake limo humu, mstari wa 41, na ana "m" nyingi kuliko wote.

Mwaka 2027 shule ile itatimiza miaka 50. Ina madarasa ya matofali sasa, na kipande cha reli bado kinagongwa. Mwalimu mkuu wa sasa, binti ambaye hakuwa amezaliwa tulipoanza, alinipigia simu kuniuliza kama nina majina ya wanafunzi wa kwanza, kwa kuwa nakala ya shule haipo tena. Anataka kuwaalika walio hai. Wengine najua walihamia huku mjini, wako Chang'ombe, Nkuhungu, Kizota, na mmoja nimeambiwa ni mwalimu.

Nitaliacha mezani wakati wa chai. Mwenye kulitambua jina aandike pembeni mahali mtu huyo alipo. Tumieni penseli, tafadhali, na msibonyeze sana, karatasi imechoka.